Fuata Maji: Mwongozo Kamili wa Kuzitembelea Nyanda za Juu za Ngorongoro na Maziwa Yake

Kabla hujafunga begi, ingia jikoni. Kama nyumbani kwenu makande au maharage makavu hupikwa kwa magadi, basi umeshashika mkononi kipande cha nchi ninayotaka kukupeleka. Yale mabonge ya kijivu yanayouzwa kwa mafungu kwenye masoko ya Arusha na Karatu ni mabaki ya maji. Mvua ilinyesha juu ya milima ya volkano, ikazama kwenye majivu na miamba, ikabeba sodiamu njiani, ikafika ziwani na kukosa pa kutokea. Jua likanywa maji, chumvi ikabaki.

Nimepita njia hii mara nyingi, na kila mara nakutana na wasafiri wanaorudi na picha nzuri za simba lakini hawana la kusema kuhusu nchi yenyewe. Wamepita Makuyuni penye vumbi, dakika chache baadaye wakapita Mto wa Mbu penye migomba na mpunga, na hakuna aliyewaambia kwa nini. Wameona ziwa la chumvi ndani ya kreta na kijito cha maji matamu kando yake, wakadhani ni bahati tu. Jibu la yote hayo ni maji: yanaanguka wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi. Ndiyo maana mwongozo huu haufuati orodha ya wanyama. Unafuata maji.

Hatua ya kwanza: chora ramani kwa mkono

Chukua karatasi na penseli. Simu ina ramani, ni kweli, lakini mtandao hukatika mara nyingi ukishaingia hifadhini, na kitu ulichokichora mwenyewe huwezi kukisahau.

Anzia chini kushoto. Weka pembetatu ya mlima Oldeani, na juu yake kidogo Lemagarut. Kulia kwa hiyo weka duara kubwa: hiyo ni Kreta ya Ngorongoro. Kutoka kwenye duara panda kuelekea kaskazini-mashariki na uweke mfululizo huu: Olmoti, Loolmalasin, Empakaai, Kerimasi, na mwisho Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Yote hii ni milima ya volkano. Loolmalasin, wenye zaidi ya mita 3,600, ni wa tatu kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro na Meru, na bado wengi hawajawahi kulisikia jina lake. Lengai, mita 2,962, ndiyo pekee iliyo hai. Inatoa lava ya kaboneti ya sodiamu, nyeusi na nyepesi kama tope, ambayo ikipoa na kukutana na unyevu hugeuka kuwa nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo.

Sasa chora mstari mrefu mashariki ya milima, kutoka kaskazini kwenda kusini. Huo ni ukuta wa Bonde la Ufa. Chini ya ukuta weka Ziwa Manyara upande wa kusini, Engaruka katikati, Ziwa Natron kaskazini. Kusini-magharibi mwa Oldeani chora ukuta mwingine, na chini yake Ziwa Eyasi. Magharibi kabisa, penye uwanda wa Serengeti, weka vidimbwi viwili vilivyokaribiana: Ndutu na Masek. Ndani ya duara la Ngorongoro weka Ziwa Magadi, na ndani ya Empakaai weka ziwa la Empakaai.

Kando ya kila ziwa andika kimo chake, kwa makadirio. Magadi ya kretani, mita 1,700. Ndutu, 1,600. Eyasi, 1,030. Manyara, 960. Natron, 600. Hizo namba zinakuambia mambo mawili: maji yatakimbilia wapi, na nguo gani ubebe.

Mwisho chora mshale mkubwa unaotoka kulia, yaani mashariki. Ni upepo wa Bahari ya Hindi. Ukifika kwenye milima unapanda, unapoa, unamwaga mvua na ukungu kwenye miteremko ya mashariki na kusini. Ndiyo sababu msitu mnene uko upande wa Karatu. Ukivuka kwenda magharibi, upepo umeshamaliza maji yake. Huko ni nchi ya kivuli cha mvua: Oldupai, Olbalbal, uwanda wa Salei, nyasi fupi na vumbi jeupe. Mlima mmoja, pande mbili, nchi mbili.

Hatua ya pili: chagua msimu kwa kazi unayotaka

Watu huuliza msimu mzuri ni upi. Mimi huuliza: unataka kuona nini?

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, barabara ni kavu na wanyama wa kretani wanaonekana kirahisi. Ila ukingoni baridi ni ya kweli. Alfajiri ya Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri, na ukungu ukilala juu ya barabara huoni bampa la gari lililo mbele. Ziwa Magadi nalo hupungua sana, upepo ukirusha unga mweupe angani.

Kama unakwenda Ndutu kuona nyumbu wakizaa, nenda kati ya Januari na Machi, na Februari ndiyo kilele. Nyumbu hawaendi pale kwa kupenda mandhari. Majivu ya volkano zilizolipuka zamani yametandaza udongo wenye madini kwenye uwanda ule, na nyasi fupi zinazoota juu yake zina kalisi na fosforasi anayohitaji mama anayenyonyesha. Nyasi hizo huwa mbichi mvua ikinyesha tu. Ikikatika, maji ya Ndutu na Masek ni ya magadi na hayakati kiu, basi nyumbu hufunga safari.

Masika, Machi hadi Mei, ni msimu wa maporomoko ya maji, maua ukingoni, na bei nafuu za malazi. Pia ni msimu wa kukwama. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hushika tairi kama ugali wa moto. Ukienda wakati huo, usiiweke Natron na Empakaai kwenye ratiba isiyo na siku ya akiba.

Hatua ya tatu: vibali, gari na hesabu

Hapa ndipo safari nyingi za Watanzania wenzangu huharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza jua unaingia kwa nani. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara na ile ya Serengeti ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ngorongoro si hifadhi ya taifa. Ni Eneo la Hifadhi lenye Mamlaka yake, NCAA, lililoanzishwa mwaka 1959 likiwa na zaidi ya kilomita za mraba 8,000, ambamo watu, mifugo na wanyamapori walipaswa kuishi pamoja. Natron ni pori tengefu, na huko utakutana na vizuizi vya halmashauri na vya vijiji. Kibali cha mmoja hakifanyi kazi kwa mwingine. Ndutu hasa huwachanganya watu: mpaka wa Serengeti na Ngorongoro unapita pale pale ziwani, na kuvuka upande wa pili bila kibali ni kosa hata kama umemfuata duma kwa mita mia mbili.

Pili, malipo. Usitegemee kulipa kwa noti mlangoni. Omba kumbukumbu namba ya malipo mapema, lipa kwa benki au simu, na beba risiti. Raia wa Tanzania na Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni, lakini lazima uonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga bajeti. Kibali huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia lango la Lodoare, la Ngorongoro, saa tatu asubuhi, una mpaka saa tatu asubuhi kesho yake, na hesabu hiyo inaweza kukuokolea siku nzima ya malipo.

Tatu, gari. Kushuka kretani kunahitaji gari linalovuta magurudumu yote manne. Noah haishuki, saluni haishuki, hata dereva awe hodari vipi. Na kuna ada ya kushuka inayotozwa kwa gari, si kwa kichwa. Maana yake ni hii: watu wawili kwenye Land Cruiser wanalipa ada ile ile wanayolipa watu sita. Tafuta wenzako. Njia ninayowashauri vijana ni kupanda Noah au basi kutoka Arusha hadi Karatu, kulala nyumba ya wageni ya kawaida, halafu kuchangia Land Cruiser ya kukodi pale Karatu. Kituo cha mafuta cha kutegemewa kabla ya hifadhi kiko Karatu. Jaza tangi hapo.

Begi liwe na koti zito, kofia ya sufu, viatu vya kutembea, kofia pana ya jua, tochi, na maji ya kunywa ya kutosha siku zote. Kuhusu maji hayo nitasema tena.

Siku ya kwanza: Mto wa Mbu na Manyara, maji yanapotokea

Kutoka Arusha ni kama kilomita 80 hadi Makuyuni, ambako unakata kulia. Nchi ni kavu, migunga midogo, ng'ombe na vumbi. Kisha ghafla, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kila kitu kinageuka kijani. Migomba, ikiwemo ile ya ndizi nyekundu, mashamba ya mpunga, mifereji kando ya barabara.

Mvua ya Mto wa Mbu haizidi sana ya majirani zake. Kijani kile ni cha mvua iliyonyesha juu, kwenye nyanda. Ilizama kwenye miamba ya volkano yenye matundu, ikatembea chini kwa chini, na ilipofika kwenye ufa wa ukuta ikatoka kama chemchemi. Lango la Manyara liko hapo hapo, na ukiingia tu utajikuta kwenye msitu mrefu wenye mikuyu, nyani na kima. Ni msitu wa maji ya ardhini. Mwambie dereva azime injini, usikilize: maji yanatiririka chini ya miti hata mwezi wa Septemba.

Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1960, ni nyembamba, imebanwa kati ya ukuta na ziwa. Endesha kutoka msituni kwenda ufukweni taratibu na uangalie mimea ikibadilika: mikuyu, kisha migunga ya njano, kisha nyasi ngumu, kisha tope lenye chumvi. Kwa nusu saa umesoma somo ambalo safari nzima italirudia kwa ukubwa zaidi. Maji matamu yanatoka kwenye jiwe, yanakuwa ya magadi yanapokosa pa kwenda. Ziwa lenyewe halina kina, na ukubwa wake hubadilika mno. Kuna miaka hubaki uwanda wa vumbi, na mwaka 2020 maziwa mengi ya Bonde la Ufa yalifurika na kumeza barabara za ufukweni. Uliza mlangoni njia zipi ziko wazi kabla hujajiwekea ahadi ya kuona viboko. Simba wa Manyara wanaopanda miti wapo, ila usimlaumu mwongozaji wako wasipoonekana.

Jioni panda kona za ukuta kwenda Karatu. Simama kwenye eneo la kutazamia, geuka nyuma, utoe ramani yako. Mstari ule uliouchora ndio umesimama juu yake.

Karatu, na neno kuhusu maji ya kunywa

Karatu ni mji wa Wairaqw, wakulima wa ngano, mahindi na maharage kwenye udongo mwekundu. Mashamba ya kahawa yanapakana na msitu wa hifadhi, na mashamba hayo yanaishi kwa vijito vya msitu huo. Ukiwa na siku ya ziada, shuka Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi uone vitunguu vinavyomwagiliwa na chemchemi za mguu wa Oldeani. Huko ndiko wanakoishi Wahadzabe na Wadatoga.

Sasa maji ya kunywa. Volkano zile zile zilizotupa udongo mzuri zimetia floraidi nyingi kwenye chemchemi na visima vingi vya kaskazini. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watu wa Arusha na vijiji vyake yametokana nayo, si uchafu, na mtu asichekwe kwa hilo. Magadi ya kupikia yanaweza kuwa na floraidi vile vile. Kwa mgeni wa siku tatu si tatizo, lakini kama unasafiri na watoto wadogo wapatie maji ya chupa, na kama unaishi huku usimlishe mtoto chakula cha magadi kila siku wakati meno yake ya kudumu bado yanaota.

Siku ya pili: ukingo na kreta

Toka Karatu mapema ufike Lodoare lango likifunguliwa saa 12 asubuhi. Baada ya lango unapanda ndani ya msitu. Zingatia mambo matatu: miti imevaa mimea inayoning'inia kama ndevu, barabara imelowa ingawa haijanyesha, na kuta za udongo kando ya barabara zina mashimo ambako tembo wamechimba kwa pembe wapate madini. Ukungu unashikwa na majani na kudondoka matone. Msitu huu unavuna maji hata siku isiyo na mvua, na chemchemi za Karatu na Manyara zinaanzia kwenye matone haya. Mtu akiniuliza kitu gani cha thamani kuliko vyote Ngorongoro, simtaji faru. Namtajia msitu huu.

Ukifika ukingoni, juu ya mita 2,200, unaona shimo lote. Miaka kati ya milioni 2 na 3 iliyopita hapa palikuwa na mlima mkubwa. Ujiuji wa moto ulipotoka chini yake, kilele kilikosa kitu cha kukishika, kikaporomoka ndani. Kuta zina urefu wa kama mita 600, sakafu ina takriban kilomita za mraba 260. Ndiyo kaldera, yaani shimo la volkano iliyoporomoka, kubwa kuliko zote duniani ambayo haijabomoka ukuta wala kujaa maji. Karibu na hapo wamezikwa Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959 akihesabu wanyama, na baba yake Bernhard.

Hapo njia inagawanyika. Kushoto inazunguka kwenda Serengeti, kulia inakwenda ukingo wa mashariki na Nainokanoka. Barabara ya Seneto ni ya kushuka tu, ya Lerai ni ya kupanda tu, na ile ya mashariki ni ya kushuka na kupanda. Mimi hupenda kushuka Seneto na kutokea Lerai. Lazima uwe umetoka kabla ya saa 12 jioni, na hairuhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa maeneo yaliyotengwa.

Chini, mwombe dereva afuate mpango huu badala ya kukimbilia kila redio inapoita.

Anza na Ziwa Magadi. Wamaasai huliita Makat, neno la chumvi. Heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, wanachuja mwani mdogo wa kijani unaostawi kwenye maji haya makali, na kutoka kwenye mwani huo ndiko hupata rangi ya waridi.

Kisha nenda Msitu wa Lerai, migunga ya njano inayokunywa vijito vya kusini. Utaona miti mingi imekufa ikiwa imesimama. Tembo wamechangia, na wataalamu pia wanataja chumvi kuongezeka kwenye udongo pale maji matamu yanapopungua. Inaniuma kila nikipita, maana nakumbuka kivuli kilivyokuwa.

Kisha kinamasi cha Gorigor na chemchemi ya Ngoitokitok upande wa mashariki. Hapa kuna viboko, vyoo, na sehemu ya kulia chakula. Kula ndani ya gari. Mwewe wa hapo hushuka kutoka nyuma na kunyakua kipande cha kuku mkononi, na kucha zake hukata. Maji ya Ngoitokitok ni matamu, na umetoka kwenye ziwa la chumvi muda mfupi tu uliopita. Tofauti ni safari: haya ndiyo kwanza yametoka ardhini, yale yamekaa juani miaka.

Malizia kaskazini kwenye Mto Munge. Nyumbu, pundamilia na nyati watakuwa kila mahali, na kwenye nyasi za wazi ndipo pa kumtafuta faru mweusi kwa darubini. Twiga hutawaona. Sababu inayotajwa zaidi ni kuta kali na uhaba wa migunga ya kula. Utazame Munge, halafu uinue macho kaskazini hadi kwenye mlima wenye kilele kilichokatika. Huo ni Olmoti, na kesho unakwenda kuona mto huu unapozaliwa.

Siku ya tatu: Olmoti na Empakaai

Wageni wengi wakishatoka kretani hukimbilia Serengeti. Huku ndiko kuna utulivu, na huku utatembea kwa miguu yako.

Barabara ya ukingo wa mashariki inakupeleka kijiji cha Nainokanoka. Hapo, kwenye kituo cha askari, unachukua askari mwenye silaha, na ni lazima, kwa sababu nyati na chui wapo. Panga jambo hili siku moja kabla kupitia ofisi ya Mamlaka. Kupanda Olmoti ni chini ya saa moja kwa mtu wa kawaida. Juu yake hakuna ziwa. Kuna bakuli pana la nyasi zenye umande, na vijito vyembamba vinavyojikusanya, vinapenya kwenye mwanya wa ukuta wa kusini na kuanguka kama maporomoko ya Munge. Maji yale yanakwenda Ziwa Magadi ulikokuwa jana.

Empakaai iko mbele zaidi, kwenye barabara mbaya inayokatiza malisho ya Bulati. Ukingo wake wa juu unafika kama mita 3,200, na kaldera ina upana wa kilomita sita hivi. Karibu nusu ya sakafu ni ziwa la magadi, la rangi ya kijani au bluu kutegemea mwanga. Tofauti na Manyara na Natron, ambayo hayana kina, hili linashuka takriban mita 80. Njia inapita ndani ya msitu wenye mwinuko mkali. Kushuka ni dakika 45 hadi saa moja, kupanda ni zaidi, na hewa ni nyepesi, kwa hiyo pumzika bila haya. Kama kuna uwazi, simama kwenye ukingo wa mashariki: Lengai iko mbele yako, nyuma yake Natron inang'aa, na asubuhi safi Kilimanjaro inaonekana mbali.

Wenye miguu imara wanaweza kuendelea kwa siku mbili na punda na vijana wa Kimaasai kupitia kijiji cha Naiyobi hadi Engare Sero, chini ya Lengai. Utashuka zaidi ya mita 2,000, kutoka koti zito hadi joto linaloweza kupita nyuzi 40. Ni safari ninayoithamini kuliko zote nchini.

Wenyeji

Huwezi kuandika kuhusu nchi hii kana kwamba ni tupu. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa Serengeti walihamishiwa huku kwa ahadi kwamba wataendelea kuishi na mifugo yao. Utaratibu wao wa kuhama ulikuwa wa kufuata maji: mvua zikinyesha wanashuka uwandani penye nyasi fupi, kiangazi wanapanda kwenye unyevu wa nyanda. Nyumbu wakizaa waliondoa ng'ombe kwenye uwanda huo, kwa sababu ndama wa nyumbu wana ugonjwa unaoua ng'ombe. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikihamisha kaya kwenda Msomera, Handeni, mkoani Tanga, na mjadala kuhusu uhamisho huo ni mkali hadi mahakamani. Nenda ukijua hilo. Salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au boma, kubaliana bei mapema kama ipo, na usimpe mtoto pesa barabarani.

Kwa wanaokwenda magharibi: Oldupai na Ndutu

Kutoka ukingoni barabara inashuka kwenye kivuli cha mvua. Korongo la Oldupai, lililochukua jina la mkonge pori unaoota humo, lina urefu wa kama kilomita 48. Palikuwa na ziwa la kale hapa, na majivu ya volkano za nyanda yalifunika wanyama na watu wa kando yake tabaka kwa tabaka. Mtafiti Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, hapa mwaka 1959, na Laetoli, upande wa kusini, timu yake ilifukua mwaka 1978 nyayo za watu wa kale wa miaka milioni 3.66 zilizokanyagwa kwenye majivu yaliyolowa. Lipa uingie jumba la makumbusho. Linastahili saa mbili.

Mkondo wa korongo unaanzia upande wa Ndutu na Masek na kuishia kwenye bonde la Olbalbal, bila kufika baharini. Karibu na hapo kuna kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo, majivu ya Lengai yanayosukumwa na upepo mita kadhaa kila mwaka. Shika sumaku uone mchanga ukishikana. Usiupande, unavunja umbo lake.

Kwa wanaokwenda kaskazini: Engaruka na Natron

Kutoka Mto wa Mbu, barabara ya vumbi inafuata mguu wa ukuta kwenda kaskazini. Engaruka ni lazima usimame. Kati ya karne ya 15 na ya 18 waliishi wakulima hapa waliokinga mto unaoshuka kutoka nyanda, wakajenga mifereji na matuta ya mawe kwenye eneo la takriban hekta 2,000. Tembea na mwongozaji wa kijiji, uone kuta zilivyopangwa bila udongo wa kushikizia. Waliyasoma maji haya kwa makini kuliko sisi.

Engare Sero, chini ya Lengai, weka kambi. Kupanda Lengai huanza usiku wa manane kukwepa jua, njia ni ya majivu yanayoteleza, na mlima ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Usipande bila mwongozaji wa kijiji anayeujua, na akisema leo hapana, ni hapana.

Natron ndiyo mwisho wa maji. Halina mto unaotoka, kina chake hakizidi mita tatu, na alikali yake huunguza ngozi. Kwa sababu hiyo hiyo fisi na mbweha hawafiki mbali, na heroe wadogo wa Afrika Mashariki hujenga viota vyao vya tope katikati yake. Karibu wote wamezaliwa hapa. Miaka ya 2000 kulikuwa na mpango wa kiwanda cha magadi kando ya ziwa, ukapingwa sana na hatimaye haukuendelea. Nashukuru.

Nenda ufukweni alfajiri, ukiwa na mwongozaji, viatu vya kufunika vidole na lita mbili za maji kwa kila mtu. Tembea pale tu anapokanyaga yeye, kwa sababu ganda la chumvi hudanganya na chini yake kuna tope la kufika gotini. Usiwakaribie ndege kiasi cha kuwafanya waruke. Chota kipande cha ganda, kionje kwa ncha ya ulimi, utakitambua, halafu kirudishe. Na uwe umerudi kambini kabla ya saa tatu asubuhi.